Mvumo wa Sikio Unaotokana na Taya

Mvumo wa sikio ni sauti anayoisikia mtu pasipo chanzo cha nje. Katika kata kama Wazo, wilayani Kinondoni, penye kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1960, ni rahisi kudhani kwamba kisababishi ni kelele za mashine pekee. Lakini kwa baadhi ya watu tatizo ni kiungo cha taya, kilicho mbele tu ya tundu la sikio. Neva za taya huungana na njia za usikivu kwenye shina la ubongo, hivyo misuli iliyokaza huweza kuchochea mvumo. Mgonjwa akiuma meno kwa nguvu au akisukuma taya mbele, sauti huweza kubadilika papo hapo. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na inasikitisha kwamba hakifanywi mara nyingi.

Mtaalamu wa fiziotherapia hukanda misuli ya mashavu na panja, hufundisha kufungua kinywa taratibu ulimi ukigusa kaakaa, na kuacha kubana meno. Utafiti wa Antwerp, Ubelgiji, uliochapishwa 2020, ulionyesha nafuu kwa tiba ya aina hii. Hata hivyo, usikivu ukipotea ghafla, daktari wa masikio aonwe siku hiyohiyo.