Mgeni Anapomkirimu Mwenyeji: Rushwa na Unafiki katika Mbio za Udiwani na Ubunge

Mada kwa semina ya viongozi wa kata, asasi za kiraia na watia nia



1. Utangulizi

Kwa mila zetu, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Humpa maji, humtengea chakula, na kama pana kuku uani, siku hiyo kuku hana bahati. Msimu wa uchaguzi mambo hupinduka. Mtia nia anaingia kijijini na gari lililojaa kanga na kofia, na wenyeji wanapanga foleni wakirimiwe na mgeni. Kioja hicho tulikipa jina la heshima: takrima.

Hoja yangu ni moja. Rushwa haiishi katika chaguzi zetu kwa sababu tumeipa majina ya adabu, na majina hayo ndiyo yanayotuwezesha kuilaani jukwaani na kuila uani.

2. Safari ya neno takrima

Takrima ni ndugu wa ukarimu na karama. Mwaka 2000 neno hilo tamu lilipata kinga ya sheria. Bunge la Tanzania lilirekebisha kifungu cha 98 cha Sheria ya Uchaguzi ya 1985, na kitu kilichotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, kikawa si hongo tena. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na asasi nyingine mbili, kilipinga jambo hilo Mahakama Kuu. Aprili 2006 majaji watatu waliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Vilimweka mgombea maskini chini ya mwenye fedha, na havikuonyesha takrima inaishia wapi na hongo inaanzia wapi.

Ikafuata Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ambayo inagusa hata uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Takrima ikavuliwa kanzu, ikavaa shati. Siku hizi inaitwa nauli, maji ya kunywa, vocha, au "kuwaona wajumbe".

3. Kura za maoni

Katika kata ambayo chama kimoja kina nguvu, aliyeshinda kura za maoni za chama hicho amemaliza kazi. Siku ya uchaguzi ni ya kukamilisha ratiba. Wajumbe wanaopiga kura hizo ni wachache kuliko wapiga kura wa kata, na nyumba zao zinajulikana. Kuhonga kata nzima kunafilisi. Kuhonga ukumbi mmoja kunawezekana.

Baada ya kura za maoni za Chama Cha Mapinduzi (CCM) za mwaka 2020, utani ulienea nchi nzima kwamba wajumbe si watu wazuri. Tulicheka sana. Lakini tulipime lalamiko lililo ndani ya utani ule. Anayesema wajumbe wamekula kwake wakampigia mwenzake, amekiri kwamba aliwalisha. Halalamiki kwamba kura imeuzwa, analalamika kwamba hakuletewa mzigo alioulipia. Na huyo ni mwanachama aliyeahidi kutotoa wala kupokea rushwa. Nyani haoni kundule.

4. Mizani mbili za maadili

Mwanamke akichukua fomu, kata nzima inageuka baraza la wazee. Ameolewa? Mume amemruhusu? Mikutanoni anarudi saa ngapi? Maswali hayo tunayaita maadili. Mwanamume anayegawa bahasha haulizwi kitu, huyo ni "mtu wa watu".

Kifungu cha 25 cha sheria ya 2007 kinafanya kudai ngono kwa kutumia mamlaka kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, mtia nia wa viti maalum akidaiwa ngono ili jina lake lipite, mara nyingi aibu humwangukia yeye aliyedaiwa, na mdai anabaki kwenye meza kuu akihutubia juu ya maadili ya vijana.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila zawadi ipimwe kwa maswali matatu. Angeitoa kama hagombei? Angempa asiye na kura? Angeweza kutaja kiasi chake mbele ya mkutano?

Pili, vyama viongeze idadi ya wapiga kura za maoni hadi kuwahonga kusiwe na faida.

Tatu, nyumba za ibada zimwombe mtia nia anayeleta bahasha ya sadaka arudi nayo baada ya uchaguzi. Wengi hawatarudi, na hapo tutajua walikuwa wanamtolea nani.

Nne, tuache kuwashauri wananchi kwamba wale vya mgombea kisha wampigie wamtakaye. Tunawafundisha uongo, halafu tunashangaa diwani akiwadanganya.

6. Hitimisho

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtia nia aliyetulisha hatuwezi kumpa jembe. Tukimuuliza barabara iko wapi, atajibu moyoni kwamba deni letu alilimaliza siku ile ya kanga.

Swali la vikundi: katika kata yako, bahasha ya mtia nia inaitwaje, na nani alikuwa wa kwanza kuiita hivyo?