Dawa ya Cheo

Fungueni ramani zenu. Wekeni kidole juu ya Tabora, kisha kipelekeni magharibi hadi Ujiji. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya misafara, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa.

Mwaka 1871 njia hiyo ilifungwa. Aliyeifunga ni Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora. Askari wake, ruga-ruga, walivaa hirizi. Wengine walijipamba kwa meno ya maadui waliowaua. Watu walisema dawa yake ni kali. Lakini tazameni vizuri. Mirambo alikuwa na bunduki, alikuwa na vijana watiifu, tena alishika njia ya biashara. Hizo ndizo nguvu zake. Hirizi iliongeza hofu tu. Mwaka 1884 aliugua akafa, na baada ya miaka michache dola yake ikavunjika.

Je, imani ya dawa ya cheo ilikufa pamoja naye? La. Mwaka 2008 Bi. Vicky Ntetema, mwandishi wa habari wa BBC, alikwenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, kaskazini ya Tabora, akijifanya mteja anayetafuta utajiri. Baadhi yao walikubali kumpa dawa yenye viungo vya mtu mwenye ualbino. Alipotangaza habari hizo alitishiwa, ikambidi ajifiche.

Tangu mwaka 2000 hadi 2015, zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliuawa nchini. Hofu ilizidi uchaguzi ulipokaribia, maana wako waliodai kwamba viungo hivyo huleta ushindi. Mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku ramli, na polisi wakakamata waganga na wapiga ramli zaidi ya 200.

Sasa fikirini. Kura ni karatasi, nayo hutiwa alama na mtu. Hirizi haina mkono. Mwenye ualbino hana dawa mwilini. Amezaliwa na upungufu wa rangi ya ngozi, basi. Naye ni mpiga kura kama wewe. Anayetafuta cheo kwa damu ya jirani, atawaongozaje majirani?

Zungumzeni darasani:
1. Nguvu za Mirambo zilitoka wapi?
2. Nani hupata faida watu wanapoogopa?
3. Mkisikia mgombea anakwenda kwa mpiga ramli, mtamwuliza nini?