Vidunda na Chole: Mto Mmoja

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze safari yangu ya siku moja ya kuzunguka kisiwa cha Chole, huko Mafia, kwa baiskeli. Huenda mkauliza: milima yetu ya Vidunda na kisiwa, wapi na wapi? Nitajibu.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilometa 15. Pale baiskeli hupakiwa katika mashua, na baada ya muda mfupi mnateremka Chole. Kisiwa hiki hakina motokaa. Njia ni nyembamba, zapita kati ya minazi na miembe. Mwenye baiskeli hupiga kengele, husalimu, naye hujibiwa. Pwani mafundi huunda vyombo kwa tezo na msumeno. Mitini wamening'inia popo wakubwa walao matunda.

Mgeni mwenye haraka atasema, "Hapa hapana maendeleo." Lakini akishuka kwenye baiskeli ataona magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti. Chole ulikuwa mji, tena makao ya serikali ya Mafia, mpaka Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Basi vijana, msidharau mahali kwa sababu ni kimya, hata kama ni kijiji chenu huko mlimani.

Sasa jibu langu. Maji yateremkayo Vidunda huingia Ruaha Mkuu, mto uliozibwa Kidatu katika miaka ya 1970 ili tupate umeme. Kutoka hapo huingia Rufiji, hupita Bwawa la Julius Nyerere, kisha humwagika baharini mkabala wa Mafia. Maji hayo ndiyo yanayolisha mikoko ya delta, mahali wanapokulia kamba na samaki. Tukifyeka miti ya Vidunda, udongo utajaza mabwawa na vijito vitakauka kiangazi. Hasara hiyo itamfikia hata mvuvi asiyepata kuuona mlima wetu.

Ninayo maombi mawili. Shule ipande miti kwenye vyanzo vya maji vilivyo karibu nayo. Na sisi wazee tuchange nauli, kila mwaka vijana wachache waende Mafia, wakodi baiskeli, wakaone mto wao unakoishia.