Mlio wa Vali katika Trekta Kuukuu
(Maneno kwa wakulima wa Babati)

Leo twataka kunena nanyi juu ya matrekta yenu makuukuu, khasa Massey Ferguson 135, yaliyoanza kuundwa mwaka 1964 na hata leo yangali yakilima. Mengi yao yana injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na vali sita.

Mtu asikiapo tak-tak juu ya injini, mara husema, "Injini imekufa," akauza ng'ombe ili aifumue yote. Ngojeni kwanza. Tazameni oili: kama imepungua, au imekuwa nyepesi kwa kuingiwa na dizeli, huenda dawa i hapo. Kisha ondoeni kifuniko cha vali, mwashe injini polepole, mtazame kama oili yafika kwenye roka zote. Roka isiyopata oili hulika pamoja na shafti yake, na kuibadili bila kuzibua njia ya oili ni kazi bure.

Baadaye zimeni, injini ipoe kabisa. Vuteni kizimio isije ikawaka, mkaizungushe kwa mkono mpaka vali mnayoipima ifunge. Nafasi kati ya roka na mkia wa vali yapasa iwe inchi 0.012, yaani milimita 0.30, injini ikiwa baridi.

Hapa wengi hukosea, hata mafundi wenye sifa. Roka iliyofanya kazi miaka mingi huchimbika kishimo pale inapogusana na vali. Bamba la filageji hukaa juu ya kishimo kile kama ubao juu ya mtaro. Kipimo chaonekana chema, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Mlio haukomi. Basi fundi huacha kipimo, akakaza kwa sikio mpaka kimya. Injini ikipata moto, vali haifungi tena sawasawa. Moto hupita ukingoni mwake, ikaungua. Mwenye trekta hufurahi kwa ule ukimya, na asubuhi ya kulima trekta haliwaki. Sisi twaliogopa trekta lililonyamazishwa hivi kuliko lile lipigalo kelele. Dawa ya kweli ni kuusaga uso wa roka kidogo hadi kishimo kiishe, au kutia roka nyingine.

Fito za kusukumia roka zibiringisheni juu ya kioo: iliyopinda hurukaruka. Na kama vali moja yainuka kidogo kuliko nyingine za namna yake, ilhali nafasi ni sawa na fito ni nzima, kamshafti yaweza kuwa imelika. Hapo ndipo pa kufumua injini.

Vumbi la njia ya Magugu mwalijua wenyewe. Bakuli la oili la chujio la hewa lisafisheni mara kwa mara, maana vumbi likipita hula miongozo ya vali.

Lakini springi ya vali ikivunjika, zimeni papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu ekari tu na wingu limekwisha tanda, kwa maana vali yaweza kuangukia pistoni ikaitoboa.