Shahada Peke Yake Haikufanyi Wakili



Wazazi tunaokutana nao vijijini huuza ng'ombe wakiamini kwamba siku ya mahafali mtoto atarudi akiwa wakili. Sivyo. Kuna mwaka mwingine katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Halafu kuna Baraza la Elimu ya Sheria, na ndipo kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Basi waelezeni wazazi leo juu ya ada hiyo, chumba na nauli, ng'ombe wangali zizini.

La pili ni kuandika. Katika matokeo ya mwaka 2022 yaliyozua mjadala nchini, kati ya wanafunzi 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Wengine walilaumu vyuo, wengine Taasisi. Sisi tunasema mwanafunzi asingoje wamalize kulaumiana. Andika hati ya madai kwa mkono wako, mpe wakili aisahihishe, uiandike tena. Likizo, kaa katika mahakama ya wilaya ya kwenu usikilize, hakuna kiingilio.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nao wana mafaili mengi ya wajane na mirathi. Anayependa kujitolea likizo hii tuonane baada ya chai, aje na kalamu.