KUHESABU MAPIGO YA MOYO
(Mazungumzo kwa wanachama walio likizoni, Bondo)



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo haijafika huku kwetu Bondo. Lakini saa tunazo, na kwa saa mtu aweza kujua habari za moyo wa mwenzake.

Mwaka jana genge letu lilikuwa likibadilisha mataruma katika jua kali. Mwenzetu mmoja akaketi. Msimamizi akasema ni uvivu, nasi, tusifichane, tulicheka. Alipokwisha kukaa kivulini robo saa, mmoja wetu aliyefundishwa huduma ya kwanza akamshika mkono, akahesabu mapigo 128 kwa dakika. Kicheko kikaisha. Msimamizi alipotajiwa hesabu hiyo alimruhusu aende zahanati, na huko wakamkuta na malaria.

Hesabu yenyewe si kazi ngumu. Geuza kiganja kitazame juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, penye kifundo upande wa dole gumba, ukandamize kidogo tu. Usitumie dole gumba lako, kwa maana lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe! Hesabu nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Yakiwa yanarukaruka, hesabu dakika nzima, na mtu huyo aende akapimwe.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Aliyezoea kazi nzito, kama wavuvi wetu wa Usenge, aweza kuwa chini ya 60 naye ni mzima kabisa, kwani moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mtoto mchanga hupita 100 bila ugonjwa. Kuinua reli hupandisha mapigo ya kila mtu. Neno ni kwamba yashuke ukipumzika. Yasiposhuka, huenda ni homa, kukosa maji mwilini, au upungufu wa damu. Na kama kifua kinauma, au pumzi inakatika, au mtu anataka kuzimia, msikae mkihesabu: mpelekeni hospitali mara moja.

Wengine hudhani wamekwisha pima presha. Sivyo. Mtu aweza kuwa na mapigo 72 na presha yake iko juu sana. Hiyo yataka mashine.

Sasa tukae wawili wawili tuhesabiane. Wenye saa za mshale wa sekunde wanyoshe mikono.