Dalali na Mlango wa Mpangaji



Leo naomba tumtazame dalali wa nyumba. Jijini Dar es Salaam wengi hupata chumba kupitia kwake, naye kwa desturi hulipwa kodi ya mwezi mmoja mambo yakikamilika. Lakini kazi yake hukwama mlangoni: mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine, mpangaji ameondoka na ufunguo kwenda sokoni, na madalali wengine wanakitangaza chumba hicho hicho. Ndipo wapo wanaodai ada ya kuonyesha tu, na mtu wa kipato kidogo huilipa mara kadhaa kabla ya kupata pa kulala.

Hata hivyo, aliyemo ndani naye ana haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda akae kwa utulivu katika muda wa upangaji wake. Wapo wanaopata habari kwamba chumba kinatafutiwa mtu mwingine pale tu wanapobishiwa hodi na wageni. Mpangaji wa namna hiyo akikataa kufungua, tusimwite mkaidi.

Basi mwenye nyumba amweleze mpangaji mapema. Wakubaliane siku na saa za kuonyesha, dalali awe mmoja, naye apige simu kabla ya kuja. Kamati zetu zinaweza kuwakutanisha watatu hao na kuyaandika makubaliano. Tuanze na nyumba zilizo jirani na parokia zetu.